Mnadi Asiyetaja Bei

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeuziwa chumvi yenye mchanga katikati ya kifurushi, nimeletewa mawese yaliyozidishwa kwa maji, nimemwona mtu akilia mbele ya Bwana Mkubwa wa boma kwa pilipili aliyoficha chini ya ukucha. Nilishuka Rumonge kutoka milima ya Kabezi na kikapu kimoja kichwani, Kiswahili changu kikiwa maneno mawili, "lete" na "bado". Leo nina nyumba ya madirisha manne, mitumbwi mitatu inayokwenda Uvira na Ujiji, na duka ambalo Mjerumani akipita husimama. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye magunia ya watu, na haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nionyeshe kitu chochote cha pwani hii ya ziwa, jembe, mbuzi, mtungi, doti ya kitambaa, nitakuambia bei yake kabla hujakiweka chini.

Ndiyo maana mtu yule alinisumbua.

Tulimwita Mnadi. Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina hilo, hata imamu. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Amri ya boma ikija, mtu akifa, mtumbwi ukipinduka, yeye ndiye aliyepita njia kwa njia na upatu wake wa shaba, anaugonga kwa kijiti, kisha anafungua kinywa. Sauti ile sijaisikia tena kwa mtu mwingine. Wavuvi waliokuwa mbali ziwani waliisikia wakajua nani amefiwa kabla hawajageuza mitumbwi. Kabla ya kuanza alimeza kijiko cha mawese ya vuguvugu yenye chembe ya chumvi. Alisema kinalainisha njia. Alikuja kukimeza dukani kwangu: mawese yangu, chumvi yangu, kijiko changu.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "koo lako linakunywa faida yangu."

"Basi tangaza mwenyewe," akasema, akanirudishia kijiko, nacho amekiramba kikawa safi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu yake ina viraka juu ya viraka. Mkono wake wa kulia, kidole cha pete kilikatika kwenye kifundo cha kwanza. Ukimwuliza kilikatikaje, alikitazama kana kwamba ni mara yake ya kwanza kukiona, akasema, "Kumbe." Hilo ndilo jibu lake kwa mambo mengi yaliyomhusu mwenyewe. Ya watu wengine aliyapaza mji mzima ukasikia. Ya kwake yalikuwa "kumbe".

Akili alikuwa nazo, siwezi kumnyima. Mjane mmoja aliibiwa mbuzi. Mnadi alipita akitangaza: mbuzi mweupe, sikio la kushoto limechanika, aliyemchukua anaumwa mguu, kwa hiyo asijisumbue kumrudisha mbali, amfunge tu kwenye ua wa msikiti. Siku ile mji mzima ulitembea wima. Hata wenye madonda hawakuthubutu kuchechemea. Asubuhi mbuzi alikuwa kwenye ua wa msikiti anakula jamvi.

Nikamwuliza alijuaje habari ya mguu.

"Nilijua nini mimi? Nani aliyewahi kuiba mbuzi asipigwe teke?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilijiambia moyoni: mtu anayejua namna ya kumtoa mwizi mafichoni, anaijua pia njia ya kuingia huko mafichoni.

Sasa sikia kilichonitia shaka zaidi. Mtu yule alitangaza kila kitu duniani isipokuwa bei. Nilileta dagaa kutoka ng'ambo, wakavu, wazuri, wanaong'aa kama rupia. Nikamwita.

"Tangaza kwamba dagaa wa ng'ambo wamefika kwangu, na kipimo ni kiasi fulani."

"Nitatangaza kwamba wamefika."

"Na bei."

"Bei kaa nayo wewe. Watakuja kuuliza."

"Sasa mnadi gani asiyenadi?"

"Huyu hapa," akasema, akagonga upatu, akaenda zake. Akatangaza dagaa kwa sauti tamu hadi mimi mwenyewe nikatamani kununua. Bei hakutaja.

Nilidhani ananifanyia mimi peke yangu. Nikadhani wenzangu wa soko wamempa kitu. Lakini ilikuwa hivyo hivyo kwa kila mtu. Hata kodi ya boma ilipotangazwa, alisema kodi imefika, kila mwenye nyumba ajitayarishe, kiasi chake karani atawaambia. Karani, mtu wa pwani ya chini, ya baharini, aliyeletwa na Wajerumani, kijana wa kofia nyeupe na miwani, alikasirika mpaka miwani ikapata ukungu.

"Mzee, niko nimekuandikia kiasi hapa. Soma."

"Sijui kusoma."

"Nimekwambia kwa mdomo."

"Na mimi nimesikia kwa sikio. Limebaki humo."

Karani alitaka kumfukuza. Lakini akatafuta mtu mwingine mwenye sauti kama ile asimpate, basi Mnadi akabaki.

Hata kununua alinunua kwa namna yake. Alifika dukani, akaonyesha anachotaka kwa kidevu, kisha akaweka hela juu ya meza moja moja bila kusema. Anaweka, anakutazama. Anaweka nyingine, anakutazama. Wewe ukiona aibu unaitikia kwa kichwa, biashara imekwisha. Mara nyingi nilijikuta nimeitikia mapema. Nilimwambia mke wangu, "Mzee huyu ni mjanja kuliko Mhindi wa Usumbura."

Mke wangu alikuwa anakaanga samaki, mukeke. Hakugeuka. "Ujanja gani? Wewe ndiye unayeinamisha kichwa."

Nije kwenye mandari. Huko kwingine sijui mnafanyaje, lakini kwetu Rumonge, sisi watu wa msikitini, siku ya tatu ya Idi mji mzima unatoka. Tunapanda mitumbwi na vyungu, ngoma, wake na watoto, tunakwenda mahali pa kupendeza kula na kucheza mpaka jua likielekea milima ya ng'ambo. Mahali panachaguliwa kwa mchele. Baada ya sala ya Idi, anayetaka kuchagua anaweka mchele wake katikati ya ua wa msikiti. Mwingine akitaka kwingine anaweka wake. Mwenye mchele mwingi ndiye anayechagua, na mchele ule ndio unaopikwa. Hakuna maneno, hakuna kura. Kuchagua mandari ni heshima kubwa. Mtu akichagua, mwaka mzima watu wanasema: ile mandari ya fulani.

Kila mwaka, mchele mwingi ulikuwa wa Mnadi. Mtu wa viraka. Mtu anayekopa kijiko. Siku ile analeta magunia ya mchele wa Ujiji, na mbuzi mmoja, anaweka katikati, anakaa kimya. Na kila mwaka alichagua mahali pale pale: mahame.

Mahame yale yako kusini mwa mji, juu ya kilima cha mawe kinachoingia ziwani. Ni jumba lililoanguka. Kuta za mawe zinakufika kiunoni, juu yake palikuwa na matofali ya udongo ambayo mvua imeyala. Mbele pana baraza ya mawe, ndefu, laini. Nyuma pana ua, na ukuta mmoja mrefu uliobaki na chokaa yake, chokaa ya makombe ya ziwa iliyochomwa. Vijana walisema ni jumba la watu wa kale kabisa, waliokuwepo kabla ya ziwa kujaa. Wengine walisema majini. Mafundi walisema Wareno, ingawa hakuna aliyewahi kumwona Mreno wala kujua wanakaa wapi.

Ukimwuliza Mnadi, alisema, "Ya zamani sana. Nani anajua?"

Mimi nilipenda twende maji ya moto kule Mugara. Maji yanatoka ardhini yanachemka kidogo, mtu anakaa ndani anatoa uchovu wa mwaka. Wanawake wanapenda. Mifupa yangu inapenda. Lakini mwaka wa kwanza nilioweka mchele wangu kwa Mugara, Mnadi aliongeza wake bila kunitazama. Mwaka wa pili niliongeza zaidi, na yeye akaleta mbuzi wa pili. Watu wakaanza kucheka kila nilipoinuka.

"Baba Zuena," mke wangu akaniambia njiani, tukielekea mahame tena, "wewe huna haja ya kwenda Mugara. Umekwishachemka."

Mtumbwi mzima ulicheka. Nikaanza kumchunguza mzee.

Alikuwa na desturi. Tukifika, watu wote hupanda kilima kwa mbele, wanaingia kwenye lango la jumba, wanakaa barazani, wanatandika mikeka. Yeye hakuingia mbele hata siku moja. Alizunguka kwa nyuma, kwenye pengo la ukuta, ana ufagio mkononi na kibuyu cha maji. Nyuma kule alikaa peke yake wakati wali unapikwa. Watu walisema anajisaidia, wengine walisema anasali. Akirudi, magoti yake yana vumbi, mikono imelowa. Kisha anakaa mwisho wa baraza na kula kuliko wote, anacheka kuliko wote, anawaamuru vijana wapige ngoma kwa nguvu zaidi.

Vumbi magotini. Maji. Ufagio. Mimi ni mtu wa biashara, sikuhitaji kuambiwa. Watu wa zamani, wale matajiri waliokuja na bunduki kabla ya Wajerumani, walikuwa wanazika pembe za ndovu ardhini wasiporwe, na wengine walikufa kabla ya kuzifukua. Hili linajulikana pwani nzima. Anafagia ili alama isionekane. Na pesa ya mchele inatoka wapi? Inatoka hapo. Kila Idi anachimbua kipande kidogo, anakiuza ng'ambo, watu anawaleta ili kelele zao zimfunike.

Niliona nimemkamata, lakini sikusema. Mwaka uliofuata niliwaacha watu wanakula, nikaenda nyuma baada ya yeye kurudi. Sikuona shimo. Niliona ua uliofagiwa safi, na katikati yake jiwe moja bapa, la kusimamia mtu, limeoshwa, bado bichi. Nikagonga jiwe kwa fimbo. Halikuwa na uwazi chini. Nikaenda kwenye ukuta wa chokaa. Na hapo nikaona mkono.

Mtu aliyepaka chokaa ile alibandika kiganja chake ikiwa mbichi, kama mafundi wanavyofanya wakimaliza kazi. Vidole vimejichora vizuri. Kidole cha pete ni kifupi, kimekatika kwenye kifundo cha kwanza.

Jumba la watu wa kale. Nani anajua. Kumbe fundi wa jumba la watu wa kale yuko barazani anakula kongoro.

Sasa nilijua kwamba anatudanganya sote, na kwamba anajua kila kilichozikwa pale, maana amejenga mwenyewe. Lakini mtu huwezi kwenda kuchimba mahali ambapo mji mzima unapasifu. Nilihitaji sababu, na sababu ilikuja yenyewe, kama riziki ya mtu aliyeamka mapema.

Boma lilitaka ghala la mawe ufukoni Rumonge, la kuhifadhia mizigo ya stima. Karani wa miwani alikuja dukani.

"Iko mtu gani hapa anaweza kuleta mawe ya msingi?"

"Iko mimi," nikasema, kabla hajamaliza.

"Kutoka wapi?"

"Yapo tayari, yamekwishachongwa. Kuna jumba la zamani lisilo na mwenyewe. Unavunja tu na kupakia mitumbwini."

Karani alifurahi kama mtu aliyeokota. Mawe yaliyochongwa ni kazi nusu. Tukapatana malipo, nikapewa karatasi ya boma yenye muhuri, kwamba jumba lile ni langu kulivunja. Tulipanga kazi ianze wiki moja baada ya Idi. Nilipanga mwenyewe kuanzia ukuta wa nyuma na lile jiwe bapa. Pembe nikizipata, zangu. Nisipozipata, mawe yananilipa. Mtu akifikiri vizuri hawezi kupoteza.

Ilibaki kutafuta watu wa kuvunja. Kutangaza kulikuwa na mtu mmoja tu.

Nilimwita dukani. Nilitaka nione uso wake. Nikamwambia: wanatakiwa vijana wenye nguvu, kuvunja mahame ya kusini, kazi ya boma, malipo ni kiasi fulani kwa siku.

Alikuwa amemeza mawese. Aliweka kijiko mezani polepole. Alichukua upatu.

Nikatoka mlangoni nisikie. Aliupiga, akatangaza. Kila neno alilitaja: vijana, nguvu, mahame ya kusini, kuvunja. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ilipofika mahali pa malipo alinyamaza kidogo, kama alivyozoea, akapita.

Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele. "Umeona?" nikamwambia. "Ana roho ngumu. Anatangaza kuvunjwa kwa hazina yake mwenyewe."

"Labda hana hazina."

"Basi ana nini?"

"Sijui. Lakini mtu akipokonywa pembe hunung'unika. Huyu ametangaza kama anavyotangaza msiba."

Idi ikafika. Baada ya sala niliweka mchele wangu, mwingi kuliko siku zote, kwa Mugara. Nilijua mwaka huu hana sababu ya kushindana, mahame yanavunjwa. Watu walikwishaanza kusimama. Mnadi akaja na magunia yake. Kisha akatoa kanzu yake mpya, ile anayovaa kwa Idi tu, akaikunja, akaiweka juu ya mchele. Kisha upatu wake, juu ya kanzu. Akakaa chini amevaa shuka.

Upatu ule ndio ulikuwa mkono wake wa kulia. Hakuna mtu aliyethubutu kupima mchele wangu na upatu wake. Imamu akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuongeza, bado ninao. Nikasema, "Twende mahame. Kwa mara ya mwisho." Watu wakashusha pumzi.

Nilimrudishia upatu mwenyewe, mkononi. Hakusema asante.

Siku ya mandari nilipanda naye. Alipozunguka nyuma na ufagio wake, nikamfuata, nikasimama kwenye pengo la ukuta. Sikujificha, mimi si mtu wa kujificha, na jumba lilikuwa langu kwa karatasi. Nilitaka aniambie ziko wapi kabla sijaharibu jembe bure.

Hakunijali. Alifagia ua, akaosha jiwe, akapiga magoti akalikausha kwa kiganja. Kisha akapanda juu ya jiwe, akasimama wima kama anavyosimama sokoni, akaweka mkono sikioni. Upatu hakuupiga. Akaanza kutangaza, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Sikilizeni. Huyu ni Misago, mtu wa milimani."

Akanyamaza. Kimya kile nilikifahamu. Ni kile kimya chake cha mahali pa bei.

"Sikilizeni. Huyu ni Barampama, fundi wa mizinga ya nyuki." Kimya.

"Sikilizeni. Hawa ni Bukuru na Butoyi, pacha." Kimya kilikuwa kirefu. "Mmoja mmoja," akaongeza, akafunga macho.

Aliendelea. Majina mengi, wanaume na wanawake, mengine bila jina: mwanamke wa Kabezi mwenye chanjo tatu shavuni, mtoto aliyekataa kusema. Baada ya kila mmoja, kimya. Alipomaliza, alishuka, akakaa chini ya ukuta, mahali penye alama ya mkono.

"Mzee," nikasema. "Pembe ziko wapi?"

Akacheka, kicheko kikavu.

"Pembe zilikuwa zinatembea, ndugu yangu. Zilikuwa zina miguu. Zilipita hapa hapa, zikauzwa hapa hapa, kwenye jiwe hili. Nani alikuwa anataja bei? Nani alikuwa na sauti?"

Nikalitazama lile jiwe.

"Mimi pia nilikuwa wa kuuzwa. Tajiri wa jumba hili alinisikia nikimwita mwenzangu ng'ambo ya mto, akasema huyu asiuzwe, huyu atauza. Nikapewa kanzu. Nikapewa jiwe. Wenzangu walipaka chokaa, mimi nikapaka nao, nikaweka mkono. Kisha nikawauza. Wote waliopaka ukuta huu niliwataja bei mimi, kwa sauti hii unayoipenda."

"Ulilazimishwa."

"Ndiyo. Na nilikuwa nataja vizuri. Bei ikipanda tajiri alikuwa ananipa nyama." Akakitazama kile kidole kifupi. "Siku ya pacha, kabla ukuta huu haujapakwa chokaa, nilishindwa kutaja. Alikikata yeye mwenyewe, papo hapo. Basi nikataja."

Nyuma ya ukuta watu walikuwa wanapiga ngoma, mke wangu anaimba, harufu ya wali inakuja mpaka kwetu.

"Kwa hiyo unawaleta watu kula," nikasema.

"Niwaache peke yao hapa? Mwaka mzima wako peke yao. Kila hela ninayopata kwa kutangaza inakwenda kwenye mchele huu. Siku moja wasikie ngoma, wasikie watu waliovaa vizuri wanacheka. Wakae kwenye baraza. Zamani kwenye baraza ile tulikuwa hatukai."

"Wewe sasa unakaa."

"Mwishoni," akasema. "Mwishoni tu."

Alinyanyuka, akapangusa magoti. "Karatasi yako ina muhuri. Vunja. Mimi siwezi kukuzuia, na nimekutangazia mwenyewe. Nilitaka tu wapate Idi hii." Kisha akapita kwa pengo, akaenda kula, na kama kawaida akala kuliko wote.

Nilibaki nyuma kule. Niseme ukweli, hata hapo sikuacha shaka zote. Mtu wa kuuza ana maneno, na huyu alikuwa muuzaji kuliko sisi sote. Nililisukuma lile jiwe bapa kwa bega mpaka likainuka. Chini yake palikuwa na udongo na tandu. Nikalirudisha kama lilivyokuwa.

Lakini yule mwanamke wa Kabezi alinikaa. Nilipokuwa mdogo, kwetu palikuwa na nyumba iliyoachwa mlango wazi, nyasi zimeota ndani, na bibi yangu alitupitisha mbali nayo bila kutuambia kwa nini. Sikumwuliza Mnadi kama ilikuwa nyumba ya mwanamke yule. Ningemwuliza, angeniambia "kumbe", au angeniambia kweli, na sikutaka lolote kati ya hayo mawili.

Wiki ya kazi ilifika. Vijana walikuja na mitaimbo. Nikawaambia hatuendi kusini. Tunakwenda upande wa Gatete, mtoni, kuokota mawe.

Karani alikuja mbio, kofia imepinda. "Bwana, tulipatana mawe ya kuchongwa."

"Yale yana majini," nikamwambia. "Ghala la boma likijaa majini, utamwandikia nini Bwana Mkubwa?"

"Wewe unaamini majini?"

"Mimi naamini msingi. Mawe ya mto ni magumu zaidi. Bei yako iko ile ile. Gharama zilizozidi ni juu yangu."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, lakini mtu akisema gharama ni juu yake, hakuna karani atakayembishia. Ninasema kwa fahari kwamba ghala lile limesimama, na mvua hailiwezi. Mawe ya mto yalibebwa vichwani mpaka ufukoni, yakavushwa kwa mitumbwi, mafundi wakayachonga pembe moja moja, na kila kitu kilikuwa juu yangu: wapagazi, mafundi, chakula chao, mtumbwi mmoja uliopasuka. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kwa nini. Nikamwambia biashara ina siri. Akasema, "Ego, baba," yaani ndiyo, akaendelea kusuka ukili, na kwa muda mrefu hakunitania.

Mahame bado yapo. Idi iliyofuata Mnadi aliweka mchele mdogo sana, kibaba tu kwenye ungo. Nilikuwa na gunia langu tayari kwa Mugara. Nikalimwaga juu ya ule wake, nikakaa. Watu waliuliza ni wapi basi, nikasema mahali pale pale pa mzee, mahame. Mifupa yangu bado haijaonja maji ya moto.

Mara ya mwisho kumwona na upatu wake ilikuwa wakati wa kupaua lile ghala. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa duka naangalia mafundi. Alikuja polepole, ameshika upatu kwapani, kifua kinamsumbua. Nikatoa kijiko, nikampimia mawese na chumvi bila kuombwa. Akameza. Akasimama akiangalia mawe ya mto, ya kijivu, yaliyochongwa na kupangwa vizuri mpaka juu.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro, mzee."

Akaniangalia mimi, akaangalia mawe tena. Akafungua kinywa, akafunga, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoisahau.

"Ndugu yangu," akasema. "Yamekugharimu kiasi gani?"

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiuliza bei ya kitu. Ningeweza kusema si kitu, mzee. Ningeweza kumpunguzia. Lakini nilimheshimu, nikamtajia kama ilivyokuwa, kwa sauti ya kutosha yeye na mimi.

"Rupia mia moja na kumi na nne, na hela sitini na tano."